Kuchota Maji ya Bahari kwa Kupima Metali Bila Kuyachafua: Mwongozo Kamili kwa Unguja na Pemba

Kila msimu wa ripoti, jedwali ni lile lile. Zinki miligramu 0.4 kwa lita, chuma miligramu 0.2, maji yamechotwa kati ya Mji Mkongwe na kisiwa cha Bawe. Chini yake kuna sentensi kwamba bahari yetu imechafuka kwa metali.

Zinki ya miligramu 0.4 ni zaidi ya nanomoli 6,000 kwa lita (nanomoli ni sehemu ya bilioni ya moli, kipimo cha idadi ya atomi). Maji ya juu ya bahari kuu kwa kawaida hayafiki hata nanomoli 1. Pengo la maelfu ya mara haliwezi kubebeshwa bandari peke yake. Mara nyingi zinki hiyo imetoka kwenye ndoo ya bati, glavu zenye poda, losheni ya jua aliyojipaka mchotaji, au mashine ya maabara iliyolishwa maji ya chumvi isiyoyaweza.

Mwongozo huu unahusu metali zilizoyeyuka: chuma, zinki, shaba, manganisi, kadimiamu na risasi. Zebaki haimo. Hiyo hupenya chupa za polithini na ina vyombo na utaratibu wake.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa za polithini laini, zile zinazobonyea ukizifinya. Za mililita 500 ni za kuchotea, za mililita 250 ni za kuhifadhia sampuli. Chupa za maji ya kunywa ziache. Plastiki yake hutengenezwa kwa kutumia antimoni, na hujui kifuniko kimepita wapi.
- Asidi ya hidrokloriki ya aina mbili: ya kawaida ya maabara kwa kuoshea, na safi kabisa, iliyotengenezwa kwa kazi ya metali, kwa kutia kwenye sampuli.
- Maji safi ya maabara, ya ukinzani wa megaohmu-sentimita 18.2. Maji ya betri yanayouzwa gereji hayatoshi.
- Glavu za nitrili zisizo na poda, nyingi kuliko unavyodhani.
- Mifuko yenye zipu, midogo na mikubwa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2006, kwa hiyo usitegemee kuokoteza dukani. Iagize pamoja na vifaa vya maabara.
- Sirinji za plastiki tupu. Zile zenye mpira mweusi kwenye kisukumio hazifai, kwani mpira hutengenezwa kwa kutumia oksaidi ya zinki.
- Filta za mikromita 0.2.
- Bomba la PPR la mita mbili hadi tatu, lile la mafundi bomba. Nunua kipande kitupu. Viungio vyake vingi vina shaba ndani.
- Vibana vya plastiki, kamba ya plastiki, kipima chumvi na joto, penseli, daftari, na jedwali la maji kujaa na kupwa.

Vya kuacha nyumbani: pete, bangili, saa ya chuma, losheni, poda na sigara. Majivu ya sigara yana kadimiamu. Na wanja wa manga pia, kwa siku hiyo tu. Mara nyingi ni unga wa madini ya risasi, na jasho likishuka mtu hufuta uso kwa mkono ule ule ulioshika chupa.

Ukiona haya ni makali kupita kiasi, piga hesabu. Tuseme maji yana chuma nanomoli 0.3 kwa lita. Chupa ya mililita 250 ina nanogramu 4 hivi za chuma chote. Chembe ya vumbi jekundu yenye uzito wa mikrogramu moja, iliyo vigumu kuiona, inaweza kubeba nanogramu 40. Ikiyeyuka kwenye asidi, namba yako imepanda mara kumi, na hakuna mashine duniani itakayokutenganishia chuma cha bahari na cha barabara.

## Hatua ya 1: Panga vituo kwa kufuata maji

Usichague vituo kwa sababu boti inapita hapo. Chagua kwa kujua metali inatoka wapi na inapotelea wapi.

Chuma hakipendi kukaa majini. Kwenye maji ya bahari yenye oksijeni huganda na kushikamana na chembe, kisha huzama. Kinachobaki kimeyeyuka karibu chote kimeshikwa na molekuli za viumbe. Ndiyo maana hushuka haraka ukitoka pwani. Kadimiamu na zinki huliwa na mimea midogo ya baharini juu, zikaachiwa tena kina kirefu mabaki yanapooza, kwa hiyo juu ni kidogo na chini ni nyingi. Risasi huingia zaidi kutoka hewani na nchi kavu, kisha hunaswa na chembe. Manganisi huwa nyingi juu, kwani jua husaidia kuiyeyusha.

Kwenye mikoko hadithi hugeuka. Tope la Mapopwe, Ghuba ya Chwaka, halina oksijeni chini ya ngozi yake ya juu, na humo chuma na manganisi huyeyuka. Maji yanapokupwa huzitoa. Ukichota saa ya kujaa na mwenzako akachota saa ya kupwa, mtapata bahari mbili tofauti na wote mtakuwa sahihi. Andika saa na hali ya maji kwa kila chupa, na taja kama ni bamvua au maji mafu.

Msimu nao una neno lake. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, lakini wakati wa kusi hukaza na wakati wa kaskazi hulegea. Masika, mito ya bara kama Wami, Ruvu na Pangani huleta tope lenye chuma. Kwa hiyo sampuli za Aprili usizilinganishe na za Januari kana kwamba kilichobadilika ni uchafu peke yake.

Ukitaka maji ya bahari kuu bila meli kubwa, Pemba imekupendelea. Mlangobahari kati ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu, lakini ule wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na magharibi ya Misali kina hushuka karibu na kisiwa. Kituo kimoja huko kitakupa namba ya chini ya kulinganishia. Eneo hilo ni la hifadhi, sawa na Ghuba ya Menai na Mnemba, basi shughulikia vibali mapema.

Mpangilio wa siku: anza na kituo kisafi zaidi, maliza na kichafu zaidi. Bandari ya Malindi iwe ya mwisho. Ukianza bandarini, utabeba bandari hadi Bawe.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi moja yenye vituo, mfuatano, saa za maji na sababu ya kila kituo.

## Hatua ya 2: Osha chupa

Hapa ndipo wengi hukata njia ya mkato. Chupa mpya si safi. Imetoka kwenye kalibu za kiwandani.

1. Loweka chupa na vifuniko kwenye sabuni ya maabara kwa wiki moja. Suuza hadi povu liishe, kisha mara tatu kwa maji safi ya maabara.
2. Jaza asidi ya kuoshea ya asilimia 10, funga, ziache wiki mbili. Katikati zipindue, kifuniko nacho kioshwe.
3. Mwaga, suuza mara tano kwa maji safi.
4. Jaza maji safi yenye asidi safi ya asilimia moja hivi. Zikae hivyo hadi siku ya safari.
5. Tia kila chupa kwenye mfuko mdogo wa zipu, na mfuko huo kwenye mwingine.

Itifaki za GEOTRACES, mradi wa kimataifa unaopima elementi hizi katika bahari zote, hutaka asidi kali zaidi, ya molari 6 (moli 6 kwa lita), kwa mwezi mzima. Kwa maji ya pwani naona njia hii inatosha. Kwa kituo cha Misali, fuata wao.

Filta, sirinji na mipira ya kupitishia maji huoshwa pia, kwa asidi nyepesi.

Onyo: mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa miwani na fungua madirisha. Mvuke wa asidi hii hula bawaba, misumari na feni, na kutu yake itarudi kwenye chupa zako. Usioshee chumba chenye mabati yaliyo wazi juu.

Umefanikiwa ikiwa chupa tatu ulizozijaza maji safi na asidi, zikakaa wiki, zinatoa namba ndogo na zinazokaribiana. Moja ikipaa, osha fungu zima upya.

## Hatua ya 3: Jenga kibanda safi

Hapa ndipo utakapochujia sampuli, na huhitaji chumba cha mamilioni. Tengeneza fremu ya mabomba ya PPR juu ya meza, izungushie plastiki angavu pande zote, acha mdomo wa kuingiza mikono. Ukipata feni yenye chujio la hewa laini, iweke isukume hewa ndani, ili hewa itoke kwenye mdomo badala ya kuingia. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa maji safi. Hakuna stepla, hakuna skrubu, hakuna kalamu ya chuma humo.

## Hatua ya 4: Zungumza na nahodha

Boti ndiyo mchafuzi mkubwa kuliko wote. Rangi ya kuzuia chaza na mwani chini yake ina shaba. Mashine ya nje ina vipande vya zinki vilivyowekwa makusudi vilike na chumvi ili mashine isilike. Mnyororo wa nanga umepakwa zinki. Chubwi za kuvulia ni risasi tupu.

Boti ya faiba isiyopakwa rangi chini ni nzuri. Ngalawa isiyo na mashine ni nzuri pia kwa vituo vya karibu, ingawa ina misumari, na ikiwa imepakwa sifa (mafuta ya papa) juzi harufu tu itakuambia usubiri. Kubwa zaidi ni namna ya kukifikia kituo, na hilo nahodha hulijua kuliko wewe ukimweleza unachotaka:

"Shikamoo, nahodha. Naomba kila kituo tukifike kutoka demani, mashine izimwe mbali kidogo, tumalizie kwa kasia tukikabili upepo."

"Marahaba. Nitie nanga?"

"Nanga hapana, nahodha. Na moshi wa sigara pia, hadi tumalize."

"Basi moshi mtanilipa tukirudi."

Kwa nini kasia? Boti ikiachwa ielee, upepo huisukuma kwenda demani, upande upepo unakoelekea, na maji yaliyobaki joshini, upande upepo unakotoka, ni yale yale yaliyokwisha pita chini ya tumbo lake. Wengi huchota hapo wakidhani upande wa upepo ni salama daima. Ukienda mbele taratibu dhidi ya upepo, maji yaliyo mbele ya omo, ncha ya mbele ya boti, hayajaguswa na hewa inakujia safi. Mkondo wa maji hauna shida hapa. Huchukua boti na maji kwa pamoja.

## Hatua ya 5: Chota kwa watu wawili

Gawaneni kazi. Mmoja ni Safi, mwingine ni Mchafu, na msibadilishane hadi mrudi. Mchafu hushika kila kitu cha boti: sanduku, daftari, bomba, mfuko wa nje. Safi hagusi chochote ila mfuko wa ndani, chupa na vibana vya kuifungia.

1. Wote vaeni glavu mbili mbili. Safi avue ya juu na kuvaa mpya kwa kila kituo.
2. Mchafu afungue mfuko wa nje. Safi afungue wa ndani na kutoa chupa ya kuchotea.
3. Safi aifunge chupa kwenye ncha ya bomba kwa vibana vya plastiki, amwage nyuma ya boti asidi nyepesi iliyomo, kifuniko akitie kwenye mfuko wa ndani.
4. Mchafu anyooshe bomba mbele ya omo na kuizamisha chupa kwa haraka hadi nusu mita. Haraka ni kwa sababu ya utando wa juu, ambao hukusanya mafuta na vumbi.
5. Toa, sukasuka, mwaga upande wa tezi, yaani nyuma. Rudia mara tatu. Mara ya nne jaza na uhifadhi.
6. Safi afunge chupa, airudishe kwenye mifuko. Mchafu aandike saa, chumvi, joto, upepo na hali ya maji. Kila kituo kiwe na chupa tatu.

Kitu cha kutazama kwa karibu ni matone. Bomba likiinuliwa, maji yaliyogusa mikono ya Mchafu huteremka taratibu kwenye plastiki, husita kwenye kibana, kisha hudondokea mdomo wa chupa. Lishike daima ncha ikiwa chini kuliko mikono inapozama, na ikitoka ligeuze ili maji yakimbie mbali na chupa. Kuifunga kamba ndogo ya plastiki kama pete shubiri moja juu ya chupa kunasaidia: matone huishia hapo.

Kwa maji ya chini, hadi mita 20 au 30, tumia pampu ya kuminya mpira na mpira mrefu uliooshwa kwa asidi. Uzito wa kuushusha uwe jiwe lililofungwa ndani ya plastiki nzito. Pitisha maji dakika kadhaa kabla ya kukusanya. Zaidi ya hapo panahitaji vyombo maalumu vya kina na kamba isiyo ya chuma. Waya wa kawaida wa meli utaharibu yote.

Sampuli tupu ya safari ndiyo chupa ya thamani kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Chukua chupa yenye maji safi ya maabara. Ifungue baharini, iache wazi muda ule ule, ifunge, irudishe. Itapita kila hatua kama maji ya bahari. Isipokuwepo, huna ushahidi wowote kwamba metali uliyopima ni ya bahari. Fanya moja kwa kila vituo vitatu, na siku nzima zisipungue tano.

Umefanikiwa ikiwa hakuna glavu iliyogusa boti kisha ikagusa mdomo wa chupa. Ikitokea, andika kwenye daftari na uchote upya hapo hapo. Kurudi kesho ni ghali zaidi.

## Hatua ya 6: Chuja siku hiyo hiyo

Sampuli zikae kwenye sanduku la barafu, gizani, ndani ya mifuko yake. Barafu ya soko la samaki ni sawa mradi maji yake hayafikii mifuko.

Ndani ya kibanda, pitisha maji safi kwenye filta, kisha mililita 20 hivi za sampuli yenyewe na uzimwage, ndipo ukusanye kwenye chupa ya mililita 250. Sukuma pole pole. Ukilazimisha, chembe za mimea hupasuka na kumwaga metali zilizokuwa ndani yao.

Mfuatano huu haubadilishwi: chuja kwanza, asidi baadaye. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, kila chembe ya tope iliyokuwa ikielea itatoa chuma chake na utakiita kilichoyeyuka. Sampuli za masika zinaharibika hivi kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

## Hatua ya 7: Tia asidi

Kwa mililita 250, tia mililita 0.5 ya asidi safi ya molari 12. Hapo pH hushuka chini ya 1.8, na metali haziwezi tena kung'ang'ania kuta za chupa. Usiingize kipima pH ndani ya sampuli. Mimina tone kwenye karatasi ya kupimia. Sampuli tupu nazo zitiwe asidi ile ile, kiasi kile kile.

Funga, tia mifuko miwili, hifadhi wima mbali na jua. Zikae mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupimwa, ili metali zilizoshikwa na molekuli za viumbe ziachiwe. Shaba ni kaidi kidogo. Maabara nyingine huimulika kwanza kwa mwanga wa urujuanimno.

## Hatua ya 8: Chagua maabara kwa maswali

Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi na nanogramu chache, au mamia machache, za unachotafuta. Mashine ya mwali wa moto, iliyo kwenye maabara nyingi, haioni kiwango hicho. Itakupa namba, lakini namba hiyo ni ya chumvi na kelele za mashine.

Kabla ya kulipa shilingi moja, uliza:

- Mnatenganisha metali na chumvi vipi? Jibu linalofaa litataja resini, punje zinazonasa metali na kuacha chumvi ipite, kama Chelex au Nobias. Mililita 200 zikikusanywa kuwa 10, metali imeongezwa mara 20 na chumvi imeachwa.
- Mnapima kwa mashine gani? Inayofaa ni ICP-MS, inayotambua atomi kwa uzito wake. Hata hiyo, bila kutoa chumvi, sodiamu ikiungana na agoni, gesi ya mashine yenyewe, hujifanya shaba, na hata chumvi ikitolewa, agoni ikiungana na oksijeni hujifanya chuma.
- Mnapima maji ya rejea yaliyothibitishwa, kama NASS au CASS ya Kanada, pamoja na sampuli zangu? Matokeo yake nitapewa?
- Kikomo chenu cha chini ni kipi kwa kila metali, katika maji ya bahari na si katika maji safi?

Wakisitasita kwenye swali la tatu, chukua chupa zako uondoke. Zikiwa na asidi hazina haraka.

## Hatua ya 9: Zihoji namba kabla ya kuziamini

Kwanza badili vipimo. Gawa nanogramu kwa lita kwa uzito wa atomi: shaba ya mikrogramu 0.3 ni nanogramu 300, gawa kwa 63.5, unapata nanomoli 4.7.

Pili, toa sampuli tupu. Tuseme tano zako za zinki ni 0.20, 0.25, 0.22, 0.28 na 0.20. Wastani ni 0.23, mtawanyiko (standard deviation) ni 0.035. Toa 0.23 kwenye kila sampuli. Kisha zidisha mtawanyiko kwa tatu: chochote kilichobaki chini ya 0.10 kiandike "chini ya kikomo". Usiandike sifuri.

Tatu, linganisha na maji ya juu ya bahari kuu, nanomoli kwa lita, viwango vya kawaida:

- chuma: 0.05 hadi 1
- zinki: chini ya 1
- shaba: 0.5 hadi 2
- manganisi: 0.5 hadi 5
- kadimiamu: 0.001 hadi 0.1
- risasi: 0.01 hadi 0.1

Pwani huwa juu ya hapa, na bandari juu zaidi. Lakini kituo cha magharibi ya Misali kikizidi mara mia, tatizo ni chupa.

Nne, tazama metali kwa pamoja. Zinki ikipaa peke yake katika chupa moja kati ya tatu za kituo, ni glavu au sirinji. Chuma na risasi zikipanda pamoja bila mpango, shuku vumbi. Shaba ikipanda taratibu kituo baada ya kituo ukikaribia boti zilizofungwa, huenda ni kweli. Chuma na manganisi zikipanda pamoja maji yanapokupwa kutoka mikokoni, na chupa zote tatu zinakubaliana, umeiona bahari ikifanya kazi yake.

Tano, amua cha kutupa, kwa metali moja moja. Zinki ndiyo rahisi kuliko zote kuchafuka, na inaweza kukataa hata pale kadimiamu na manganisi za chupa zile zile zimekaa vizuri. Ikifika hapo, iondoe zinki kwenye jedwali, eleza kwa nini, chapisha matokeo yote ya sampuli tupu kwenye kiambatisho, na ubaki na metali tano.